Piano ya baba imeniponyoka

Jamani, leo ubishi wangu umenitokea puani.

Tulikuwa tunahamisha piano ya baba kutoka Mfaranyaki kuja kwangu Msamala, maana anahamia kwetu.

Akaniambia, "Mwanangu, ongezeni watu, hiyo ni nzito."
Nikamjibu, "Tuko wanne, baba, tunatosha."

Hatukutosha.

Wakati tunaishusha kwenye pikapu ikatuponyoka, ikajibamiza chini.

Baba akauliza tu, "Kuna aliyeumia?"
"Hapana, baba."

Tulipoiingiza ndani akavuta stuli, akaanza wimbo aliozoea kumpigia marehemu mama. Vitufe vitatu havikutoa mlio. Kila alipovifikia, aliimba mwenyewe sauti iliyokosekana.

Nikatoka nje. Bora angenifokea.

Nani anamjua fundi wa piano? Hata akiwa mbali, nitamfuata.