Uduvi wa Manyoya wa Shangazi Mwanahawa

Sisi tuliokuwa wadogo Kaole miaka ile ya vita vya pili, tafadhali, tusifundishwe subira na mtu. Wajukuu zangu wakisimama foleni kidogo tu wanapumua kwa kelele utadhani wamebebeshwa gunia la chumvi. Mimi nilikaa eda nzima ya shangazi yangu nimebana ndoana kwa vidole viwili, na hakuna aliyeniuliza kama nimechoka. Wa rika langu mtanielewa. Hawa wa leo wakitaka wasikie, wasipotaka basi.

Shangazi Mwanahawa, dada yake baba, alifiwa na mumewe mimi nikiwa bado chuoni kwa mwalimu, sijafika hata nusu ya msahafu. Mjane akikaa eda hatoki nje, hajipambi, hatii manukato, anangoja siku zake ziishe. Baba akanipeleka kwake niwe namtekea maji na kumwendea dukani. Nilifurahi, mjinga mimi! Shangazi alikuwa hodari wa muhogo wa nazi, na nyuma ya ua wake palikuwa na kiwanja ambacho wasichana wa Kaole nzima walikutana jioni kucheza nage. Nikajua nimekwenda kula na kucheza.

Thubutu! Hitima ya marehemu ilipokwisha na watu kutawanyika, akaniita. "Tatu, nawa mikono uje hapa." Nikanawa nikidhani kuna chakula. Akaniwekea ndoana mkononi.

Sasa lazima niwaeleze habari za huyo marehemu. Alikuwa mvuvi wa mshipi kwenye mkondo wa mikoko, na alikuwa na lake peke yake: hakutumia chambo cha kweli. Alifunga manyoya ya jogoo kwenye ndoana, na chini ya manyoya akaficha madini ya risasi ili izame upesi. Ikifika chini anaivuta kidogo, anaiacha, anaivuta tena, inarukaruka mchangani kama uduvi aliyeshtuka, na samaki kolekole wanaifuata wenyewe. Wenzake walimcheka mpaka walipoona kapu lake. Hakumfundisha mtu yeyote. Aliyemwona akifunga ni mkewe tu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimshikia ndoana. Na ule uduvi wake wa manyoya wa mwisho ulikatikia majini wiki aliyougua.

Kwa hiyo shangazi alikuwa na hofu moja, na aliniambia wazi. "Nikisahau mimi, Tatu, namna ile imezikwa na mwenyewe." Tena alitaka akitoka eda ale kwa mkono wake, asiende kukaa kwa baba yangu kungojea sahani.

Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi. Unachukua ile karatasi ya risasi iliyotandikwa ndani ya kasha la chai, niliyokuwa nikienda kuiombea kwa Mhindi wa duka, unakata ukanda mwembamba kama jani la nyasi. Unauzungusha kwenye mwili wa ndoana, mzunguko kando ya mzunguko, unabana kwa ukucha. Juu yake unapitisha uzi wa hariri wa kushonea kofia, uliopakwa nta, mpaka risasi isionekane. Nyuma unaacha nyuzi chache za unyoya ziwe mkia. Halafu unakamata unyoya mrefu wa shingo ya jogoo, unaufunga kwa ncha, unauzungusha kuja mbele, unapiga fundo kichwani, unadondoshea tone la sandarusi, gundi ya mti, iliyoyeyushwa ili fundo lisifunguke. Basi.

Basi gani! Shangazi alifunga, akageuza, akatazama, akasonya, akafungua. Ndoana zilikuwa adimu wakati wa vita, kwa hiyo ilikuwa ndoana ile ile, uzi ule ule, vidole vyangu vile vile. Kila alipofika mwisho, manyoya yalikataa kulala kuelekea mkiani. Yalisimama, yakapinda upande, yakakaa kama nywele za mtoto aliyeamka. "Sivyo hivi, Tatu. Sivyo hivi." Kama kwamba mimi ndiye niliyefunga! Pua ikiniwasha, "Usijikune." Nikitaka kupiga chafya, "Meza." Nikimeza, "Umetikisika." Na huko kiwanjani nasikia wenzangu wanapiga kelele, fulani katoka, fulani kaingia, na mimi nimekaa jamvini nimekuwa koleo. Nilimchukia. Namwomba Mungu anisamehe, lakini nilimchukia shangazi yangu kila alasiri.

Na manyoya je, mnadhani yalitoka wapi? Yalitoka kwa jogoo wa jirani, mwekundu, mwenye kiburi, na wa kumkimbiza ni mimi. Yule jogoo alibaki shingo tupu. Mwenye jogoo alinitukana mpaka nikayajua matusi ambayo mama yangu hajui kwamba nayajua.

Lakini kilichotaka kutuangamiza ni sandarusi. Shangazi aliiyeyusha kwenye kigae juu ya makaa, na sandarusi ikiyeyuka, kila mtu wa pwani anajua, hunukia. Wengine huichoma nyumbani badala ya ubani. Sisi wawili tulishaizoea, hata hatukuisikia tena. Upepo ukaipitisha juu ya ua, jirani mmoja akainusa, akafunga kanga yake vizuri akaenda mpaka kwa Bi Mize, mama wa marehemu, kumwambia kwamba mkwe wake anajifukiza ndani ya eda.

Vijana wa leo wanaojimiminia manukato mpaka ukipishana nao unakohoa hawawezi kujua uzito wa neno hilo. Mjane kujifukiza maana yake ana mtu. Maana yake kaburi bado bichi na yeye anajitengenezea mwingine. Na nyumba ile ilikuwa ya watu wa Bi Mize. Neno lile likithibiti, shangazi alikuwa wa kutolewa na kitanda chake, na jina lake lisingesafika tena kutoka Kaole mpaka Bagamoyo mjini.

Bi Mize alikuja baada ya sala ya alasiri na wanawake wawili nyuma yake. Shangazi akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Bi Mize, lakini kwa mdomo wa juu tu. Akavuta pumzi, akatazama huku na huku. "Wameniambia, nikasema waongo. Leo nimenusa kwa pua yangu mwenyewe. Unamfukizia nani, Mwanahawa?"

Shangazi akainua kidevu.

"Nakuuliza wewe. Mwanangu hajamaliza hata miezi mitatu."

Kigae kile pale, kinatoa moshi. Ndoana ile pale, imelala jamvini na manyoya yake ya wazimu. Angesema neno moja tu. Lakini wanawake wa ukoo wetu, mkiwasingizia, hawasemi, wanainua kidevu. Mpaka leo nikikumbuka kidevu kile natamani kukishika nikishushe. Nilimvuta nguo nikamwambia, "Sema, shangazi! Sema basi!" Akanitoa mkono.

"Kesho kaka yako aje akuchukue," Bi Mize akasema, akageuka.

Hapo ndipo shangazi alipofungua mdomo. "Tatu, ondoka hapo." Akapapasa mahali pangu jamvini. "Mama, kaa. Nishikie ndoana."

"Nini?"

"Ndoana ya mwanao. Shika kwa vidole viwili. Tone la sandarusi ni la hapa kwenye fundo. Hakuna kingine."

Bi Mize alitazama karatasi ya risasi, akatazama manyoya. Aliyajua. Akakaa jamvini, mtu mzima wa watu, akashika pale nilipokuwa nikishika mimi, na wale wanawake wawili wakabaki mlangoni hawajui waangalie wapi. Shangazi akaanza. Risasi, hariri, mkia, unyoya. Akafika mwisho, manyoya yakasimama upande kama kawaida yake.

"Sasa mbona unakwenda huko?" Bi Mize akauliza kwa hasira. "Mwanangu alikuwa wa mkono wa shoto, wee! Umeolewa naye miaka yote hiyo, hukuona?"

Jamani. Jamani! Alikuwa wa shoto. Shangazi alikula naye sahani moja, na kula alikula kwa mkono wa kulia kama Mwislamu yeyote, lakini kazi zake zote alifanya kwa shoto, shangazi kalizoea jambo hilo hata halioni tena, na mkewe alipomshikia ndoana alitazama kidole chake mwenyewe asikatwe na uzi. Nilitaka kupiga ukelele. Alasiri zote zile, nage yote ile, jogoo wa watu kabaki uchi, na jambo lenyewe lilikuwa kuzungusha upande wa pili!

Shangazi akafungua, akahamisha uzi mkono wa kushoto, akazungusha polepole kwa kuyumba. Manyoya yakalala. Yakalala yote, laini, kuelekea mkiani. Bi Mize akautazama uduvi ule mkononi mwake. "Nilikuwa nikimchapa mkono huu alipokuwa mdogo," alisema. "Nikimchapa aache shoto." Kisha akalia, na shangazi akalia, na mimi nikalia kwa sababu zangu.

Hakuna aliyemchukua shangazi. Bi Mize alipotoka nje aliwaambia wale wawili kwa sauti ya kusikika ua wa pili kwamba mwenye neno na mkwe wake aje amwambie yeye. Na tangu siku ile alikuja kila alasiri kukaa mahali pangu. Mimi nikaachiwa nikacheze. Nilicheza nage siku mbili, siku ya tatu nikarudi kuchungulia mlangoni, na wivu umenijaa. "Na mimi nishike," nilisema. Wakanicheka. Lakini walinipisha katikati yao, wakaniachia nishike na nifunge pia, kwa shoto, nikikosea wote wawili wananifokea kwa pamoja. Eda ilipokwisha shangazi alivua kwa uduvi ule na ndugu zake wengi aliowafunga baadaye, akala kwa mkono wake mpaka alipozeeka. Bi Mize alikufa akiwa bado anamwita shangazi "mwanangu".

Leo mjukuu wangu ananiletea samaki wa plastiki kwenye pakiti, macho yamechorwa. Nikamwambia sitaki, njoo unishikie ndoana nikuonyeshe. Mwezi uliopita akanijia na jiliwa dogo la chuma, la kufunga kwenye ukingo wa meza. "Bibi, hili linashika lenyewe, huhitaji mtu." Nimelijaribu. Linashika barabara, sina la kulaumu. Halijikuni, halipigi chafya, halitaki kwenda kucheza.

Shangazi alijua kwa kumshikia mumewe. Mimi nimejua kwa kumshikia shangazi. Jiliwa limenishikia tangu asubuhi, nimefunga uduvi watatu wazuri, na sasa nimekaa nalo mezani hapa, na halijajifunza kitu.