Ndege Iliyokubali Jina la Ojambo

Juzi nilipita kwa fundi wa baiskeli karibu na soko la Busia, nikamkuta anakwaruza tyubu ili abandike kiraka. Harufu ile ya mpira na gundi ikanipiga puani, nikasimama pale pale. Fundi akaniuliza, "Mama, una pancha?" Nikacheka peke yangu. Ningemwelezaje kijana wa watu kwamba tyubu ile, ukiikata utepe mwembamba ukausokota vizuri, inarusha ndege?

Basi nisikilizeni ninyi. Ilikuwa miaka ya sitini. Bendera mpya zilikuwa zimeshapandishwa pande zote mbili, lakini kwetu mpaka ulikuwa barabara tu. Kuku wetu walikwenda Kenya asubuhi na kurudi Uganda jioni bila kuulizwa na mtu. Kaka yangu Wandera alikuwa amepelekwa Tororo na baba, akaona ndege ndogo ikitua kwenye uwanja wa majani, na ule mwamba mkubwa ukiwa nyuma yake. Alirudi mtu mwingine. Ng'ombe wakaingia kwenye mtama wa jirani yeye akiangalia mawingu, akachapwa, na kesho yake akaangalia mawingu tena.

Ndipo tukaanza kuunda ndege. Mwili tuliutoa kwenye ule mti mwepesi unaochipuka katikati ya mkonge, mabawa tukayafanya kwa mafunjo ya bondeni, gundi ikawa uji mzito wa muhogo, na feni ya puani tukaikata kwenye mkebe. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikutana malishoni kwetu na watoto wa upande wa Kenya, wa ng'ambo ya barabara. Ndege iliyofika mbali ndiyo iliyoshinda, na walioshindwa waliimbiwa wiki nzima, hata kisimani, hata mbele ya mama zao. Aibu ile, wallahi, ilikuwa inauma kuliko fimbo.

Kiongozi wao alikuwa Barasa, mtoto mwenye masikio makubwa na akili ya kuyatumia. Tukisema kisimani kwamba tunaunda ndege ya mabawa mawili, Jumapili anakuja na yake ya mabawa mawili, tena imepakwa rangi! Wandera akachoka. Mjomba wetu, aliyekuwa askari kule Burma, alimwambia kwamba hata Wazungu, ndege ikiwa bado haijatoka, huipa jina la kuficha ili adui asijue kinachokuja. Kuanzia siku hiyo ikawa marufuku kusema neno "ndege" nje ya ua wetu.

Majina ya kwanza yalikuwa ya kijinga. Tulijaribu Mwiko, tukajaribu Kisamvu. Lakini watoto wawili wakinong'onezana kuhusu kisamvu huku wamepakaa gundi mpaka nyusi, nani hatajua? Barasa alitucheka. "Hiyo kisamvu yenu inaruka lini?"

Hapo mimi nikapata wazo. Nilikuwa msichana mwenye mdomo, na nilikuwa nimeshuhudia majina yakitolewa na mwenye kazi hiyo hasa, yaani Kukhu. Kukhu ndivyo sisi Wasamia tunavyomwita bibi. Mtoto akizaliwa nyumbani kwetu na akawa analia hanyamazi, Kukhu alimweka mapajani na kuanza kuita majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, kwa upole. Jina ambalo mtoto angenyamazia na kushika ziwa, hilo ndilo lake. Nikamwambia Wandera, na ndege tuifanyie hivyo hivyo; Barasa si wa ukoo wetu, atajulia wapi?

Tukaisimamisha ndege mpya juu ya kichuguu, pua yake ikielekea upepo, nami nikaanza kuita kwa sauti ya Kukhu. Nikaita wa kwanza, feni kimya. Nikaita wa pili, kimya. Nikaita, "Ojambo!" Feni ikazunguka mpaka ikalia vrrr! Tukarukaruka kwa furaha. Kisha tukakumbuka Ojambo ni nani.

Ojambo alikuwa babu yetu, mume wa Kukhu, aliyefariki kabla hatujazaliwa. Na jina lake, jamani, hakuna mtoto aliyelikubali. Wandera mwenyewe alililia. Mimi ni msichana. Mdogo wetu wa mwisho aliitwa "Ojambo" mara kadhaa mbele ya macho yangu, akapiga mayowe kama amekanyagwa, na Kukhu akamrudisha kwa mama, akaenda jikoni kusonga ugali ambao ulikuwa bado haujahitaji kusongwa. Sasa limekubaliwa na mkebe!

"Tulibadilishe," nikasema.

"Imeshakubali," akasema Wandera. "Utainyang'anya?"

Tukaapa kunyamaza. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Tulikuwa tunajigamba mno: "Jumapili Ojambo atawaonyesha!" Barasa akawaza, akashindwa, na kwa kuwa alikuwa mtoto wa heshima zake, akaenda sokoni kumuuliza Kukhu mwenyewe pale alipouza dagaa. "Shikamoo Kukhu. Huyu Ojambo yenu anaruka Jumapili, ni nani?"

Kukhu alifunga dagaa wake saa hiyo hiyo. Tulimwona akija, kapu kichwani, hatua ndefu, tukajua leo ni leo.

"Nani amemwita mzee wangu?"

Wandera akaninyooshea kidole hata kabla swali halijaisha. Mungu amsamehe.

"Wewe msichana. Ulimwita, akafanya nini?"

"Alizunguka, Kukhu."

Akakaa chini. Akaishika ile ndege, akaigeuza huku na huku, akapuliza feni. Halafu akauliza, "Amekula?" Akachota unga wa wimbi, akaipaka kidogo puani kama anavyopakwa mtoto, akasema, "Mtu akipewa jina anapewa chakula. Ataruka. Lakini mkimvunja mzee wangu, mtanitambua!"

Wiki hiyo sikulala vizuri. Kushindwa na Barasa halikuwa jambo tena. Nilichoomba kanisani ni kwamba Ojambo asivunjike.

Jumapili Kukhu akaja malishoni na kitenge chake cha kanisa. Ya Barasa ikaruka kwanza, ikaenda vizuri, nzuri kabisa. Wandera akasokota tyubu, akaachia. Ojambo akapanda, akayumba, akashuka kuelekea pembe za fahali wa watu; nikafumba macho. Niliposikia kelele nikafumbua: alikuwa amemkwepa, upepo umemshika, anakata kushoto kuvuka barabara, anaingia Kenya! Watoto wote, wetu na wao, wakatoka mbio nyuma yake, hata Barasa, hata waliotoka kanisani, wakipiga kelele, "Ojambo! Shika Ojambo! Huyo Ojambo anakwenda!" Akatua juu ya paa la nyasi, mzima, bila hata bawa kupinda.

Hatukushinda. Alikuwa amekata kona, kwa hiyo wakasema haihesabiki. Nilirudi nikamkuta Kukhu amesimama pale pale, kitenge kimeziba mdomo, machozi yanatiririka. Nikamshika mkono nikamwambia, "Usilie Kukhu, tutaunda nyingine, tutawashinda." Akacheka na kulia kwa pamoja. "Nyamaza," akasema, "waache waite."

Nilikuja kumwelewa mwaka nilipomzika mume wangu. Watu ni wema sana kwangu. Wakifika kwenye jina lake wanashusha sauti, wanasema "marehemu" na kupita haraka, wasije wakaniumiza. Nami natikisa kichwa, nawashukuru, huku moyoni nikitamani angalau mtoto mmoja aliite jina hilo barabarani, kwa nguvu zake zote, mchana kweupe.