Nani Atashika Winchi Jumapili

Mwezi uliopita hapa Rwamgasa, Geita, walifanya mkutano wa umoja wa Wakristo, uwanja wa mpira, siku tatu, spika kubwa mpaka kuku wa jirani wakahama. Siku ya mwisho viongozi walipanda jukwaani wakashikana mikono, wakaiinua juu kama timu iliyofunga goli. Katikati kabisa walisimama wawili ninaowafahamu vizuri: mzee wa kanisa langu, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mchungaji wa kanisa linaloabudu Jumamosi. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilisimama nyuma ya goli, sikupiga kofi hata moja. Mama mmoja pembeni yangu akaniuliza, "Baba, kwani wewe si Mkristo?"

Nikamwita mama kwa Kisukuma, nikamwambia, "Ni Mkristo, mayu. Ndiyo maana."

Majina yao siandiki, na si kwa kuogopa. Rwamgasa nzima inajua nani ana duka gani na nani anahubiri wapi. Nitaandika walichofanya, na nilichofanya mimi, maana na mkono wangu umo.

Mimi shule niliishia darasa la nne, huko kwetu upande wa Tinde, nikatolewa nikachunge. Nilipokuja kuchimba nilijua kusoma jina langu na bango la soda. Biblia nilikuwa nayo, ilikaa kwenye begi, nabeba Jumapili kwenda kanisani kama wengine wanavyobeba mwavuli. Kilichonifanya niifungue ni udongo.

Miaka kadhaa nyuma ukuta wa duara, yaani shimo letu la dhahabu, uliniangukia nikiwa chini peke yangu. Udongo ulinifika kifuani. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mwenzangu wa kazi, Mzinza mmoja mwenye watoto mapacha, tulimwita Baba Mapacha, alikuwa kanisani kwake. Aliposikia yowe alitoka ibadani akaja akashuka na shati lake jeupe na suruali yenye mstari. Koleo hutumii, utamkata mtu. Alinichimbua kwa vidole mpaka kucha mbili zikatoka. Nilipofika juu nilimwona shati limekuwa la rangi ya matofali, anatema udongo, ananiambia, "Wewe Msukuma ni mzito. Kwenu mnakula nini?"

Baada ya hapo ndipo tukaanza kusoma pamoja. Mchana saa sita, tukisubiri pampu itoe maji shimoni, tunakaa chini ya turubai, yeye na Biblia yake, mimi na yangu. Mwanzoni alinicheka sana. "Unasoma kama unahesabu ng'ombe wanaingia zizini. Neno moja, unasimama, unaangalia kama lina alama yako." Lakini alinifundisha. Sheria yetu ilikuwa moja: mtu akisema jambo, mwenzake anauliza, "Inasema wapi?" Kama huwezi kuonyesha, nyamaza.

Siku tuliyofika pale Yesu anapowauliza wale wakubwa, je, ng'ombe wa mtu akitumbukia shimoni siku ya Sabato, hatamtoa, Baba Mapacha aliweka kidole pale akaniangalia.

"Kumbe mimi ndiye ng'ombe," nikasema.

"Tena dume."

Tulicheka mpaka yule mwenzetu wa tatu akaja kuuliza kuna nini. Huyo alikuwa Mwislamu kutoka Tabora, tulimwita Ustaadhi kwa utani, mshika winchi hodari. Tukamweleza. Akasema, "Hiyo nimeielewa. Ila nyinyi Wakristo mna vituko. Mungu mmoja, kalenda mbili."

Na kalenda ndiyo ilikuwa shida yetu. Winchi ni gogo lililolazwa juu ya mdomo wa shimo, kamba imezungushwa, mikono ya chuma pande mbili. Kumshusha na kumpandisha mtu kunataka watu wawili, mmoja huku na mmoja kule. Mwenye duara alitupa siku moja tu kwa wiki ambayo mtu hatashuka. Akasema tuchague. Mimi nikachagua Jumamosi yake. Sikuambiwa na mtu. Nilikumbuka shati jeupe nikasema basi. Jumapili Baba Mapacha atashuka, mimi nitaenda ibada ya kwanza, na ikiisha saa mbili na nusu nije kushika upande wangu wa winchi na Ustaadhi. Mawe ya dhahabu yaliyotoka Jumapili hayakuwa yangu, niliyakataa mwenyewe. Nilikuwa namshikia mwenzangu kamba, basi.

Tulikwenda hivyo mwaka na zaidi. Tulisoma ile barua kwa watu wa Korintho, wanaogombana huyu ni wa fulani na huyu wa fulani, tukasema hawa wangekuwa Geita wangejenga makanisa matano kwenye mtaa mmoja. Tulisoma ile sala Yesu anayoomba wafuasi wake wawe kitu kimoja, siku chache kabla hatujagombanishwa sisi. Kuhusu Jumamosi na Jumapili tulibishana kweli kweli, wiki nzima, na hatukukubaliana. Yeye alibaki na yake, mimi na yangu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumatatu kila mtu alikuwa kazini.

Hapo ndipo mzee wa kanisa langu aliponiita. Niliwakuta wazee watano mezani, lakini aliyesema ni yeye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Keti. Tunasikia unafundishwa Biblia."

"Tunasoma pamoja tu, mzee."

"Na nani?"

"Na aliyenitoa shimoni."

"Hatukuuliza nani alikutoa shimoni. Tumeuliza nani anakutoa kundini." Wenzake wakaguna, wakaona amesema neno zito. "Na siku ya Bwana unaonekana kwenye winchi."

"Natoka ibada ya kwanza ndiyo naenda. Sichimbi, nashika kamba."

"Kumshikia kamba anayeivunja siku ya Bwana ni kuivunja na wewe."

Mimi, kwa mazoea ya chini ya turubai, nikamuuliza, "Inasema wapi?"

Ungeona uso wake. Nadhani tangu amekuwa mzee wa kanisa hajawahi kuulizwa hivyo, na mtu wa darasa la nne. Akafunga daftari. "Mmesikia wenyewe," akawaambia wenzake. "Ndiyo mafundisho anayolishwa huko."

Halafu akatoa silaha yake. Binti yangu alikuwa ameposwa, na ndoa kanisani kwetu hutangazwa Jumapili tatu mfululizo kabla ya kufungwa. Akasema ndoa ya mtoto wa mtu aliyetengwa haitangazwi. Kama nataka itangazwe, Jumapili hizo zote tatu nikae ibada ya kwanza, na ya pili, na darasa la toba mpaka alasiri, na nisionekane tena na kitabu chini ya lile turubai.

Binti yangu alikuwa ameshashona gauni.

Nilimwambia Baba Mapacha ukweli wote. Hakukasirika. Akasema, "Nenda. Huyo ni binti yetu. Jumapili tatu si mwaka." Akaenda kutafuta mtu wa kushika upande wangu, kwa waumini wenzake wa Jumamosi. Wawili walikubali. Na hapa ndipo anapoingia yule wa pili wa jukwaani. Mchungaji wake alikuwa ameshamvua ualimu wa darasa la Sabato kwa sababu ya kusoma na mimi. Aliposikia anatafuta watu, akawaita wale wawili akawakataza: wasiingie kwenye duara la Wakristo vuguvugu mpaka mwenzao atubu na kuachana na watu wa Jumapili. Wakatii. Mmoja alikuja kuomba radhi, amesimama mbali, hataki hata kukaa.

Kwa hiyo upande wangu wa winchi mmoja aliuondolea mtu kwa Biblia, na mwingine akauondolea mtu kwa Biblia. Niambie wewe kama hao walitofautiana dini.

Wa tatu ni mwenye duara. Yeye sina la kumwambia sana, kanisa lake ni mawe. Baba Mapacha alimwomba wasimame hizo Jumapili tatu. Akajibu, "Mikono ya winchi ni chuma, haichoki. Mtu mmoja anatosha."

Jumapili ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, la wanaotubu. Katibu akasimama kutangaza kwa mara ya tatu jina la binti yangu na la kijana wake, akauliza kama kuna mwenye kizuizi.  Ndipo tukasikia pikipiki nje na mtu anapiga kelele kwamba mtu ameanguka kwenye duara letu.

Maji yalikuwa yameingia ghafla chini. Baba Mapacha alivuta kamba mara tatu, ishara ya "nitoe haraka." Ustaadhi akazungusha peke yake. Anasema alimpandisha mpaka akaliona paji la uso wake. Kisha mkono wa chuma ukamshinda, ukazunguka kinyume, ukamvunja kiwiko, na kamba ikaenda. Hata baada ya kiwiko kuvunjika aliishika ile kamba kwa mkono mwingine. Nyama ya kiganja ilibaki kwenye kamba, niliiona mwenyewe. Mwislamu ndiye aliyebaki na kamba. Sisi wenye kuombewa tuwe kitu kimoja tulikuwa tunahesabiwa mahudhurio.

Hakufa. Alilala hospitali ya Kolandoto miezi, wakamsaidia walivyoweza, lakini kuanzia kiunoni kushuka chini hakuna kitu tena.

Harusi ilifungwa. Mzee wa kanisa alisimama mbele ya wageni akasema Mungu alimkinga baba wa bibi harusi kwa utii wake, akamtoa mahali pa hatari wiki moja tu kabla. Watu wakasema amina. Binti yangu akanigeukia ananitabasamia, na mimi kwa ajili yake nikainamisha kichwa kama mtu anayeshukuru. Ninaandika haya nikijua kwamba ile amina niliiacha ipite.

Jumapili iliyofuata wakaniita mbele nitoe ushuhuda. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Bwana asifiwe. Mimi sikukingwa. Kama ningekuwa kwenye winchi tungekuwa wawili, na Baba Mapacha angekuwa anatembea. Aliyenitoa pale ni huyu mzee hapa, na wala si Mungu, na nilimfuata kwa sababu nilitaka harusi. Kama nakosea anionyeshe inasema wapi."

 Mzee alimgeukia mpiga kinanda akamwambia, "Pambio! Pambio!" Kinanda kikalia, kwaya ikasimama, mia mbili wakaanza kupiga makofi juu ya sauti yangu. Niliendelea kusema mpaka nikagundua hata mimi sijisikii. Nikaweka kipaza sauti chini nikatoka. Barua ya kunitenga ililetwa Jumanne.

Ile barua haikuniuma. Kilichoniuma ni Baba Mapacha kutotaka kuniona.

Aliporudi nyumbani nilikwenda Alhamisi moja asubuhi, na Biblia yangu kwapani. Mke wake alikuwa anapeta mchele mlangoni.

"Mwangaluka, mayu."

Ni Mzinza lakini salamu yetu anaijua. Hakuitikia. "Leo hataki mtu," akasema.

"Mwambie ni mimi."

"Amekusikia. Sauti yako anaijua."

Alhamisi iliyofuata nikaambiwa hivyo hivyo. Waliokuwa wanakaribishwa ndani ni wachungaji. Walikuja kwa zamu, wa kwake na wa kwetu, mafuta kwenye vichupa. Siku moja walikutana kitandani pake wakabishana nani aanze kuomba, mpaka Mama Mapacha akawatoa wote wawili kwa ufagio. Habari hiyo nilipewa na Ustaadhi, na ndiyo siku pekee nilicheka mwaka huo.

Mara ya tano nikasikia sauti kutoka ndani: "Mwache aingie."

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amekonda, mabega yamebaki makubwa. Nikakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimechagua mahali pa kusoma, kuhusu kusamehe, nimepiga mazoezi usiku kucha nisikwame kwenye neno. Nikafungua.

"Funga," akasema.

Nikafunga.

"Hapo unapotaka kusoma napajua. Nimekusamehe tangu nikiwa Kolandoto, hilo halikunisumbua. Wewe ulikuwa na binti." Akaangalia nje. "Kinachonishinda ni kukuona umekaa hapo na miguu yako."

"Nisimame?"

"Hapana. Ndiyo ubaya wenyewe, ukisimama ni vibaya zaidi." Nusura acheke, akaacha. "Kaa kidogo. Usisome. Usiombe. Nikichoka nitasema."

Nikakaa. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nzi walikuwa wanazunguka. Akasema, "Basi, inatosha. Nenda." Nikaenda, na njiani niliwatukana kwa sauti, mzee wa duka na mchungaji wa Jumamosi na mwenye duara, na mimi, mpaka watu wa pikipiki wakanipisha wakidhani nimelewa.

Alhamisi nyingine nikarudi. Hakusema niondoke mapema. Nilikaa mpaka Mama Mapacha akaleta chai. Alileta kikombe kimoja, akakiweka mbele ya mume wake, akatoka bila kuniangalia.