Mfinyanzi Aliyekataa Kuitwa

Mtungi ulipasuka motoni mchana kweupe, Marcelline akiwa hayupo. Alikuwa nyumbani kwa Bulaimu, kapita aliyesimamia pamba ya lazima pale Wamaza, akimenya ndizi za kumpikia ajenti wa Kizungu aliyetarajiwa kuja kukagua mashamba. Ajenti hakutokea. Marcelline aliporudi mbio uwanjani nyuma ya nyumba yake, alikuta upepo umefunua upande mmoja wa moto, majani yameteketea bila mtu wa kuongeza mengine, na mtungi uliomfika kiunoni umefunguka kutoka mdomoni hadi kitakoni.

Ulikuwa wa tatu kumharibikia kiangazi hicho. Wa kwanza ulikauka kabla hajauwekea shingo, kwa kuwa wifi yake Cécilia, mkubwa wa chama cha akina mama wa kanisa, alimwita mkutanoni kuchagua vitambaa vya kumpokea askofu, na vitambaa vikazungumzwa mpaka jua likainama. Wa pili uliangushwa na mbuzi siku aliyoitwa kuamua ugomvi wa majirani wawili, ambao kufikia jioni walikuwa wanakula pamoja.

Mitungi hiyo mikubwa hakuna mwingine aliyeiweza tangu mama yake afariki. Ismaël, muuguzi wa dispensari mpya, ndiye aliyeiomba. Watoto waliletwa kwake wakiharisha mpaka macho yanazama, wakitibiwa, kisha wakinywa tena maji yaleyale ya kijito. Alitaka kuchemsha maji na kuyahifadhi yakiwa baridi na yamefunikwa. Marcelline hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Binti yake alikuwa amekufa kwa ugonjwa huo, wakati dispensari bado haijajengwa.

Siku hiyo Ismaël alipita, akaviona vigae.

"Mama, kama haiwezekane, useme tu. Nitaomba mapipa Kasongo."

Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. "Inawezekana," Marcelline akajibu. "Utapata mitungi yako."

Muuguzi alipoondoka, Marcelline alikaa chini kando ya majivu. Alijaribu kukumbuka siku moja ya juma hilo aliyofanya kazi toka asubuhi bila kusikia jina lake likiitwa. Hakuipata. Hasira ikampanda, si ya kulia wala ya kupiga kelele. Ilikuwa ile inayoukaza mdomo. Alipomweleza mumewe, Gérard, kwamba hataitika tena, mume alitazama mlangoni kwanza kuona kama kuna anayesikia.

"Bulaimu iko na nguvu," alisema. "Hasira yako itatuletea mambo."

"Mambo yamekwisha kuja, Baba. Yako pale nje, yamevunjika."

Kesho yake alianza kwa Cécilia, aliyekuwa akianika muhogo.

"Wifi, natoka katika chama."

"Unamuacha Mungu kwa sababu ya udongo?"

"Mungu simuachi. Jumapili utaniona kanisani. Naacha mikutano yako."

Cécilia aliendelea kupanga muhogo kana kwamba hakuna mtu mbele yake. Dada huyo wa mumewe ndiye aliyempokea Marcelline alipoolewa, akamfundisha njia za mashamba yote, na Marcelline alijua anachokivunja. Aliondoka bila kuomba radhi.

Kwa Bulaimu alikuta wanaume barazani. Kapita akamwambia, kabla hajasalimiwa vizuri, kwamba ajenti sasa atakuja Alhamisi, aje mapema.

"Sitakuja," Marcelline akasema. "Pamba nitalima, ile iko sheria, nisipolima mutanifunga. Lakini kumenya ndizi za Muzungu haiko sheria. Ile ni wewe unataka akusifu."

"Unasema na mimi hivi mbele ya watu?"

"Na wewe unanituma mbele ya watu."

Akashuka barazani, akaenda zake. Juma hilo halikuisha kabla jina la Gérard halijatajwa miongoni mwa wanaume wa kwenda kutengeneza barabara ya upande wa Salamabila, ingawa zamu yake ilikuwa imepita karibuni. Asubuhi alipoondoka na jembe begani hakugeuka kumtazama mkewe. Marcelline alisimama na udongo mikononi. Ilibaki kidogo tu atupe kila kitu, amkimbilie kapita na kumwambia atapika, atapika hata mwaka mzima. Badala yake aliushika mchi akaviponda vile vigae vya mtungi uliopasuka, ili avichanganye na udongo mpya uwe imara, na kila pigo lilikuwa la Bulaimu.

Alizungushia uwanja wake ua wa matete. Waliokuja kuomba kijungu cha mboga aliwaambia hafinyangi vijungu mpaka mitungi iishe. Waliokuja kuongea aliwajibu bila kuinua kichwa, na baada ya siku chache waliacha kuja. Hapo aligundua jambo lililomkasirisha zaidi: ukimya ulimpwaya. Akishasugua ubavu wa mtungi kwa kokoto alijikuta ametega sikio njiani, akingoja kuitwa. Kumbe sehemu yake moja ilikuwa imependa kusikia kwamba bila Marcelline jambo haliendi. Alijitukana kwa Kibangubangu na kurudi kwenye kokoto.

Mitungi ilikauka polepole kivulini, hakuna iliyoharakishwa wala kusahauliwa. Siku ya kuichoma aliipanga juu ya kuni na magome, akaifunika kwa majani makavu, akawasha. Moto ulikuwa umeanza kushika vizuri Cécilia aliposimama nje ya ua.

"Mama mukwe anakuita."

"Anaumwa?"

"Hapana. Kuna wageni kutoka Kasongo."

"Basi wageni wamuone yeye."

"Nikamwambie hivyo?"

"Mwambie moto hauna mutu mwingine."

Upepo ulihama, majani yakafunguka upande wa mashariki, na Marcelline akaziba kwa mganda mzima wa majani, uso ukimbabuka. Alizunguka moto huo mpaka ukafa wenyewe. Majivu yalipopoa aliigonga mitungi kwa kidole, mmoja mmoja, na yote ikalia kwa sauti safi isipokuwa mmoja, aliouweka kwa ajili ya maharage. Wanaume wa dispensari waliibeba kwa miti mabegani. Ismaël alishukuru kwa maneno mengi. Marcelline alimkatiza, akamwambia asiiburute.

Gérard alirudi na viganja vilivyochubuka. Kisha, bila kuambiwa, alikata miti na kuezeka kibanda cha kuanikia vyungu ndani ya ua, na hilo ndilo jibu alilotoa.

Wengine hawakutoa jibu la namna hiyo. Palizi ya pamba ilipofika, wanawake waliosaidiana mashambani waliliruka shamba la Marcelline. Alilipalilia peke yake, akiilaani pamba, kapita, na aliyeileta pamba katika nchi yao. Cécilia alimsalimia kanisani kwa kidevu tu.

Siku moja alipitia dispensari. Mwanamke asiyemjua alikuwa akichota maji mtungini na kumnywesha mtoto, naye mtoto akataka tena. Watu wangedhani moyo wa Marcelline utalainika. Haukulainika. Alikuwa anawaza juu ya mitungi mitatu ya mwanzo, ambayo ingekuwa imesimama hapo tangu kiangazi kianze, na watoto walioletwa wakati yeye anachagua vitambaa na kumenya ndizi za mtu asiyekuja.

"Mama, karibu uketi," Ismaël akamwita kutoka ndani.

"Siketi," alijibu. "Nimeloweka udongo." Akashika njia ya nyumbani, akitembea haraka, ndita zikiwa bado usoni.