Jumatano za Mama Hilary

Ukitaka kumjua Consolata, pita kijijini kwake, nje kidogo ya mji wa Njombe, siku ya Jumatano. Nyumba zote zina umeme, redio zinapiga kelele, halafu yeye anakwenda ukutani na kuizima swichi kubwa ya nyumba yake. Kwa mkono wake mwenyewe! Haiwashi tena mpaka kesho yake asubuhi.

"Jamani, tumeililia nguzo hii miaka na miaka, leo wewe unazima?" Jirani yake Yoramu hakuchoka kumtania. Alishambatiza jina, Mama Giza.

"Cheka tu, shemeji," Consolata alimjibu. "Siku ukikatika wenyewe utanikuta nimeshazoea."

Msimwone kichaa. Mwanamke huyu ana kidonda. Alikuwa ndiyo kwanza amefiwa na mume, amebaki na kuku tu wa kumlisha, na vifaranga wake wa kwanza walikuwa bado wadogo. Ikaja baridi ya Julai, ile ya kukata masikio, na umeme uliowapa vifaranga joto nao ukakatika. Akaingiza jiko la mkaa bandani, akaziba dirisha na kila tundu kwa matambara, kama tunavyofanya sote huku kwenye baridi, tukidhani adui ni upepo peke yake. Asubuhi akafungua mlango, kimya. Hata mmoja hakulia. Baridi haikuwagusa, walikufa kwa hewa ya mkaa. Consolata alikaa chini kwenye maranda akalia kama siku ile ya msiba, na hakuwa na wa kumlaumu.

Mwingine angeuza vyombo vya kuku akarudi kwenye viazi. Yeye thubutu! Tangu hapo Jumatano ikawa siku ya mazoezi. Maji yanajazwa kwenye mapipa mapema. Mkaa unakokwa nje mpaka uwe mwekundu wote, usitoe moshi hata kidogo, unatiwa kwenye vyungu vikuukuu na kufunikwa majivu, ndipo unaingia bandani. Na dirisha la juu linabaki wazi, baridi ing'ate itakavyo. Hapo hataki mjadala.

Mkwewe Scola, mke wa mwanawe Hilary, hakuipenda kabisa shule hiyo. Alikulia Makambako mjini, nyuma ya duka la baba yake.

"Mama, kwetu umeme ukikatika tunasubiri urudi," alilalamika siku moja, macho mekundu kwa moshi.

"Vifaranga hawajui kusubiri, mwanangu. Koka moto."

Hilary alikuwa msituni akipasua mbao, wa kumtetea hayupo. Scola akanuna, akatishia kurudi kwao, akakoka moto.

Basi Julai hii dada yake Consolata akalazwa hospitali ya Bulongwa. Consolata akaenda kumuuguza, akamwachia Scola nyumba pamoja na vifaranga wapya, hata manyoya hawajaota sawasawa. Siku ya kurudi, basi likiwa limefika Makete, Yoramu akapiga simu. Safari hii hakutania.

"Shemeji, umeme umekatika tangu alfajiri. Nyasi zote nyeupe kwa barafu."

Consolata akampigia Scola. Simu haipatikani. Akapiga tena, na tena, mpaka abiria wa pembeni akamwonea huruma. Alimjua mkwewe. Baridi kali, msichana peke yake, jiko la mkaa. Njia nzima alikuwa na ombi moja tu, analirudia chini chini: "Mungu wangu, asizibe dirisha. Asizibe dirisha."

Aliposhuka, jua lilikuwa linazama na umeme ulikuwa umesharudi. Kwa Yoramu taa zinawaka. Kanisani zinawaka. Kila nyumba inawaka, isipokuwa ya kwake.  Ameondoka, alijisemea. Vifaranga wamekufa, akaona aibu, akakimbilia kwao. Loo, na ni mimi niliyemwachia mzigo usio wake!

Akaliendea banda, akasukuma mlango. Joto likampiga usoni, na sauti za vifaranga zikamjia zote kwa pamoja. Akatazama juu. Dirisha lilikuwa wazi. Scola alikuwa amechuchumaa kando ya vyungu, masizi mpaka puani, anafunika makaa kwa majivu.

"Shikamoo, mama. Funga mlango, unatuingizia baridi."

"Marahaba." Consolata aliufunga mlango. "Scola, mbona umeme umerudi kwa watu wote, hapa bado giza?"

"Najua umerudi." Scola hakuinua hata kichwa. "Lakini leo si Jumatano?"

Consolata akakaa chini kwenye maranda, palepale, akalia tena.