Sufuria Tuliyomficha Mgeni

Kuna siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, ya wakati kaunti ilikuwa changa na mimi nilikuwa kijana. Kijana wa gumbaru, usicheke. Ndevu zilikuwa na mvi tayari, lakini kwenye masomo ya jioni ya watu wazima nilikuwa mbichi kabisa, na Kiswahili changu kipya kilipiga kelele kuliko lori la ng'ombe la kutoka Merti.

Kiangazi kile kilikuwa kikali hata vivuli vilitafuta kivuli. Hapa Chechelesi watoto walifika nasari bila kula, wakasinzia kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Shemeji yangu Mama Ekai, aliyeongoza kikundi cha akina mama, akataka kuwapikia uji wa mbegu za mgunga, zile tunazookota chini ya miti njia ya Oldonyiro. Mwalimu wa nasari akakataa.

"Mama Ekai, hicho ni chakula cha mbuzi. Mpaka maabara iseme kiko sawa, hakiingii kwa sufuria yangu."

Bahati ikamleta Daktari Kendi, mtafiti wa chuo kikuu, aliyekuwa akikusanya mbegu za porini zinazoliwa na watu. Tulimpokea kama bibi harusi. Akina mama walichagua mbegu nene tu, wakaziosha, wakazipangusa kwa leso zikang'aa kama kioo, mpaka ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Mimi nikatoa hotuba, jua likachoka kusimama likaketi. Mgeni akaenda maabara na mfuko wake wa mbegu.

Aliporudi alituketisha nje ya nasari, mwalimu akiwapo. Akasema mbegu zina protini nyingi, na ganda lake lina antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia mwili kuharibika polepole kama bati linavyoliwa na kutu.

Nikaruka. "Ndiyo maana sisi hatuzeeki!"

"Ngoja, mzee. Ganda hilo hilo lina tanini, ile inayokausha ulimi. Ikizidi inaishika protini. Mtoto anakula, mwili haupati. Zikiwa hivi, siwezi kusema watoto wapewe."

Mwalimu akakunja mikono. Mama Ekai akaangalia chini, kisha akanong'ona, "Lakini zikichemshwa hazikaushi ulimi."

"Kwani mnazichemsha?"

"Tunachemsha, tunamwaga maji, tunachemsha tena. Nani atakula mbichi? Labda huyu shemeji na mdomo wake."

"Sasa mbona mlinipa mbichi?"

"Daktari, wewe ulikuwa mgeni. Tungekuonyesha sufuria ya njaa?"

Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. "Mama, nilikuja kupima chakula chenu, mkanipa mapambo. Nimepima kitu ambacho hakuna mtu hapa anakula. Na watoto wamelala wakingoja."

Hakupandisha sauti, na maneno yake yalituingia mpaka kwenye mifupa. Akafuatana na Mama Ekai hadi jikoni, akainama kwenye moshi, akachukua mbegu zilizochemshwa na hata yale maji meusi ya kumwaga.

Safari ya pili majibu yalikuwa ya kawaida tu. Antioksidanti zilikuwa zimepungua, nyingi zimekwenda na maji. Tanini nayo imekwenda nazo, na protini kwa sehemu kubwa imebaki. Nilitafuta pa kurukia, sikupaona. Lakini mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi tuanze na kidogo, tuchanganye na unga wa mahindi." Mama Ekai hakungoja aseme mara mbili. Alishafika jikoni.

Mwanangu, siku hizi watu wengi watakuja kukuuliza unaishije: daktari, mwalimu, mtu wa kaunti na kalamu yake. Usimpangusie mbegu. Akikuuliza umekula nini, mwambie ulichokula, hata kama ni chai kavu. Ukificha, atamtibu mtu mwingine aliyevaa nguo zako. Na hizo za mgunga, ukikutana nazo, usijifanye shujaa kuzila mbichi. Chemsha, mwaga, chemsha tena.

Mungu akujalie jiko linalowaka na mgeni wa kuketi kando yake bila wewe kuona haya. Na watoto wako, kama wale wa nasari baada ya uji, wafike mwisho wa wimbo.