Magamba Niliyochambua

Mume wangu, Dalmas Obura, alikuwa mtu wa konokono. Watu walicheka nikisema hivyo, na mimi nilicheka nao, kwa sababu wakati huo sikuwa na cha kuniumiza. Mwaka wa 1953 aliajiriwa na mzungu mmoja, Bwana Pelo, aliyeishi kando ya ziwa Naivasha akipima magamba ya konokono wa majini. Si kuwala, si kuwauza, kuwapima tu. Alitaka kujua kwa nini konokono wa aina moja, katika ziwa moja, hawafanani: huyu mrefu, yule mfupi, huyu mdomo mpana, yule amejipinda.

Dalmas alikuwa mpole. Mimi nina mdomo, yeye hakuwa nao. Alikwenda kwa baiskeli hadi Ndabibi, upande mwingine wa ziwa, na hadi ziwa dogo la Oloidien, akaingia majini mpaka mapajani, akachota matope na majani kwa chujio la waya lenye mpini mrefu. Mara kumi kila mahali, si tisa, si kumi na moja. Konokono wote walioingia aliwatia mkebeni pamoja na kikaratasi chenye jina la mahali. Ijumaa aliwachemsha, akatoa nyama kwa pini, akaanika magamba kwenye gunia nyuma ya nyumba yetu mpaka Jumatatu.

"Mama Adero," aliniambia tangu mwanzo, "hii kitu usiguse. Iache vile iko."

Niliiacha wiki mbili. Wiki ya tatu niliyatazama magamba yale nikaona aibu kwa niaba yake. Mengine yalivunjika ncha, mengine yalikuwa madogo kama punje za mtama, mengine yamekwenda upande. Hivi ndivyo mtu anavyompelekea mwajiri wake kazi? Mimi nililelewa kwenye shamba la wazungu karibu na Sachangwan, ambako baba yangu aliendesha trekta, na tangu usichana wangu nilichambua viazi vya mbegu. Memsaab, mke wa mwenye shamba, akiona kiazi kimoja kilichopinda, alimwaga kikapu kizima miguuni pako, ukaanza upya. Kwangu mimi, kuchambua ndiyo heshima.

Basi Jumapili, Dalmas akiwa kanisani anaimba besi, nilikaa kando ya gunia nikachambua. Nikabakiza yaliyo mazuri, ya kimo kimoja, yanayong'aa. Mabaya niliyatwanga nikawapa kuku, na maganda ya mayai yao yakawa magumu hata majirani wakauliza ninawalisha nini. Nilifanya hivyo karibu kila Jumapili kwa miaka miwili. Dalmas hakugundua. Jumatatu aliyakung'utia mkebeni gizagiza, akapanda baiskeli, kwa sababu kuyaangalia ilikuwa kazi ya Bwana. Nami nilijiona mke mwerevu.

Agosti 1955 Bwana Pelo alipata mgeni kutoka kwao, akampeleka Ndabibi kumwonyesha kazi inavyofanywa. Bwana akachota kwa mkono wake mwenyewe. Katika chujio moja akapata kila namna ya gamba, refu, fupi, lililopinda. Kumbe kwenye kabati lake magamba ya Ndabibi ya miaka miwili yalilingana kama vifungo vya shati.

Alifika kwetu saa nne asubuhi, uso mwekundu.

"Dalmas, wewe nachagua."

"Hapana, Bwana. Mimi sichagui."

"Wewe naleta ile mzuri, natupa ile mbaya. Miaka mbili! Kazi yangu yote kwisha haribika."

"Haki ya Mungu, Bwana, mimi naweka yote."

"Wewe mwongo."

Nilikuwa mlangoni na ungo mkononi. Dalmas akageuka kunitazama, na hakuwa na shaka hata kidogo. Alikuwa anatafuta shahidi.

"Uliza mama watoto, Bwana. Yeye anajua mimi sichagui."

Bwana Pelo akaniuliza, "Kweli, mama?"

Nami mwenye mdomo nikasema, "Mimi sijui kazi ya wanaume."

Alifukuzwa siku hiyo hiyo, bila barua ya kumsifu kwa mwajiri mwingine. Nyumba ilikuwa ya Bwana, kwa hivyo tukahamia Nakuru, na mume wangu akawa mbeba magunia kwenye kiwanda cha unga. Sikuogopa kipigo, kwa maana Dalmas hakuwahi kuniinulia mkono. Niliogopa macho yake, na kupelekwa mbele ya Bwana kukiri. Kila wiki nilijiambia nitasema wiki ijayo.

Kisha jioni moja, tukila, akaniambia, "Mama Adero, labda nilichagua."

"Nini?"

"Ile makonokono. Labda mkono ilikuwa inachagua na mimi sijui. Bwana amesoma. Hawezi kusema bure."

Nikamwongezea mboga. Tangu siku hiyo, akienda sokoni alichukua nyanya bila kuziangalia, zilizooza pamoja na nzima, wauzaji wakamcheka. Nilizipika kimya. Walipotaka kumfanya mzee wa kanisa alikataa, akasema mtu asiyejua mkono wake unafanya nini hafai kushika sadaka za watu. Nilikuwa nimeketi benchi la wanawake nikasikia kila neno. Nilitamani sakafu inimeze.

Mwaka wa 1958, Jumamosi moja asubuhi, nilikutana sokoni na Khisa, aliyekuwa mpishi wa Bwana Pelo. Akaniambia Bwana amerudi Ulaya Jumanne, na masanduku yake yote, na hatarudi tena. Nilihisi mzigo umenishuka mgongoni. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani nikamweleza Dalmas yote, gunia, Jumapili, kuku.

Nilikuwa tayari kwa hasira yake.

"Kwa hivyo mimi sikuchagua?"

"Hukuchagua."

"Sema tena."

"Hukuchagua, Baba Adero. Ni mimi."

Akacheka huku machozi yakimtoka. Kwa furaha hiyo sikuwa nimejitayarisha. Nilitaka anitukane. Badala yake akainuka, akachukua koti lake kwenye msumari.

"Twende Naivasha. Utamwambia Bwana vile umeniambia. Kazi sitaki. Nataka ajue tu."

"Bwana ameenda Ulaya."

"Lini?"

"Jumanne."

Akasimama, mkono mmoja ndani ya koti. "Na wewe umejua lini?"

"Leo. Khisa ameniambia sokoni."

"Ndiyo maana umeniambia leo," akasema.

Akautoa mkono polepole, akalitundika koti, nami nikainamia jiko nikijifanya ninachochea moto.